Mishale Mitatu ya Mama Tabea

Mtu pekee aliyewahi kuninyamazisha tangu nihamie Makambako ni Mama Tabea wa Njombe, na hakuninyamazisha kwa kelele. Alisema tu, "Haya, fundi," akawasha gari. Hilo "haya" lilinikaa kooni karibu kilometa hamsini. Mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu kibandani, wateja wanadhani nimepigwa shoti.

Naitwa Somoe, fundi umeme wa magari, hapa Lyamkena, Makambako. Najitambulisha mapema kwa sababu wateja wengi wakifika wananipita, wanachungulia ndani ya kibanda kumtafuta fundi, wakati fundi ndiye huyu wamemkanyaga mguu. Kwetu ni Lindi. Sina uvumilivu wa baridi, wala wa mtu anayenifundisha kazi yangu, na huku juu nimejaliwa vyote viwili kwa wingi.

Mama Tabea alikuja mwaka juzi, mwezi wa sita, wakati baridi inauma hadi kwenye meno. Alishuka kwenye Kosta na kiroba cha viazi kichwani, sweta mbili juu ya kitenge, na miguuni buti za mvua za kiume. Mwanamke mfupi, miaka sabini na moja, macho ya mtu anayejiandaa kucheka. Hakuuliza fundi yuko wapi. Aliitazama mikono yangu iliyojaa grisi, akanisalimia kwa Kibena, "Kamwene, fundi."

Nikampenda hapo hapo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea viazi. Nimekuletea na shida."

Shida yenyewe ilikuwa Landrova ya mwaka 1973. Marehemu mumewe, Mzee Ebeneza, aliinunua kwenye mnada wa misheni, akamfundisha mkewe kuiendesha kwenye shamba la viazi, kati ya matuta, ili akikosea agonge kiazi asimgonge mtu. Mzee alipofariki watu walidhani gari litaozea bandani. Mama Tabea alimaliza msiba, akafua, akapanda kwenye usukani, na tangu hapo hajashuka. Amebeba viazi, amebeba mbao, amebeba kwaya nzima ya akina mama wa Usharika na ngoma zao. Amewabeba wajawazito hadi hospitali ya Tandala, na mmoja hakungoja kufika. Yule mtoto sasa yuko darasa la sita.

Haya yote ameyafanya bila geji hata moja. Zamani sana waya mmoja uliungua nyuma ya dashibodi ukatoa moshi. Fundi mmoja wa wakati ule akaja na plaizi, akakata nyaya zote za geji, akazifunga pamoja, akasema, "Mama, gari linaendeshwa kwa injini, haliendeshwi kwa geji." Akalipwa, akaondoka. Nikimpata huyo mtu nitamla nyama.

"Sasa, Mama, mafuta unayajuaje?" nilimuuliza.

"Kwa ufito."

"Na injini ikipata moto?"

"Navua buti la kushoto, nakanyaga bati. Unyayo unaniambia."

"Na mwendo?"

"Kwaya wakiwa nyuma wanaimba. Sauti ya pili ikianza kutetemeka, najua nimezidisha, napunguza."

"Na kama hujabeba kwaya?"

"Naimba mwenyewe," alisema, akacheka mpaka kiroba cha viazi kikaanguka.

Na shida kubwa zaidi ilikuwa Abrahamu, mwanawe wa kwanza, mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Igwachanya. Abrahamu alikuwa amechukua funguo za gari. Alisema gari ambalo halina hata mshale mmoja unaosogea ni jeneza lenye matairi. Na alishapata mnunuzi, mtu mwenye hoteli Dar es Salaam, anayetaka kulisimamisha mlangoni ili wageni wapige picha.

"Kwenye boneti atapanda maua," Mama Tabea alisema. Hapo hakucheka.

"Maua?"

"Mawaridi, mwanangu. Mtu amezaliwa humo ndani, halafu wapande mawaridi."

Alikuwa amembana mwanawe mpaka wakakubaliana masharti. Jumamosi mnunuzi angefika stendi ya Makambako. Abrahamu angekuja Njombe asubuhi, ampe mama yake funguo, wasafiri pamoja hadi Makambako. Geji zote tatu, ya mafuta, ya joto na ya mwendo, zikisoma na zikisema kweli njia nzima, gari haliuzwi. Hata moja ikidanganya, funguo zinakabidhiwa palepale stendi. Na siku hiyo tayari ilikuwa Jumatano.

"Mama," nilimwambia, "peleka salamu Igwachanya. Mwambie mwalimu mkuu ajiandae kushindwa."

Hivyo ndivyo ninavyoongea nikipandisha mori. Mdomo unatangulia, kazi inafuata nyuma ikihema.

Alhamisi alfajiri nilikuwa Njombe na sanduku langu la vifaa, nimevaa ovaroli juu ya suruali mbili, nikiyalaani mawingu yaliyolala chini kwenye bustani ya kabichi. Funguo zilikuwa Igwachanya, mfukoni mwa mwalimu mkuu, lakini fundi umeme anayeshindwa na funguo abadilishe kazi. Nililala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, tochi mdomoni, nikaanza kuchokonoa.

Nyaya nilizikuta kama alivyosema, zimekusanywa fungu moja na kufungwa kwa kipande cha kitenge cha kwaya. Nilizifungua mmojammoja. Rangi zilishafifia, wa kijani unafanana na wa bluu, wa bluu unafanana na vumbi. Kila waya niliufuata kwa kidole na kwa taa ya kupimia mpaka mwisho wake: huu unakwenda kwenye tangi chini ya kiti, huu kwenye injini, huu kwenye swichi. Mama Tabea aliniletea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha kila baada ya nusu saa, akachuchumaa pembeni ya miguu yangu, akaniuliza maswali kama mtoto.

"Huyo wa kijani anapeleka nini?"

"Habari za tangi, Mama."

"Kumbe miaka yote hii tangi lilikuwa linasema, hakuna wa kulisikiliza!"

Nyuma kabisa ya dashibodi nilikuta kikopo kidogo cha bati, kina vidude vitatu vya kuchomekea waya. Nilikitazama mara moja tu. Nikajiambia ni kikopo cha indiketa ya zamani, kimekufa siku nyingi. Nilikichomoa, nikakitumbukiza mfukoni mwa ovaroli, nikaunga umeme wa swichi moja kwa moja hadi kwenye geji. Waya mpya, tepu mpya, fyuzi mpya. Ya mwendo haitumii umeme, ina waya wake wa kuzunguka unaotoka kwenye giaboksi. Niliubadilisha, nikaupaka grisi.

Saa nane mchana nilimwita aje akae kwenye usukani. Niliunganisha swichi.

Kwanza hakukuwa na kitu. Geji za zamani hazina haraka. Halafu mshale wa mafuta ukatikisika, ukajinyanyua kutoka mahali ulipolala tangu wajukuu wa Mama Tabea hawajazaliwa, ukaanza kupanda taratibu, taratibu, ukavuka robo, ukavuka nusu.

Mama Tabea alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika sokoni. Aliruka kutoka kwenye gari na buti zake, akanishika mikono, tukacheza pale uani mimi na yeye na kuku wakikimbia huku na huku. Nilisahau baridi. Nilisahau hata kwamba magoti yangu yanauma. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na nne, na bado mshale ukinyanyuka mara ya kwanza nahisi nimeutengeneza ulimwengu.

Nililala kwake siku hiyo na iliyofuata, nikisafisha hiki na kukaza kile. Tulikula viazi kwa namna saba.

Jumamosi saa mbili Abrahamu alifika. Mwanaume mrefu, koti la suti, kalamu mbili mfukoni, sauti ya mtu aliyezoea kuhutubia wanafunzi mistarini. Alimwamkia mama yake kwa heshima zote, akanigeukia.

"Wewe ndiye dada fundi?"

"Ndiye mwenyewe."

"Vizuri. Sharti moja la nyongeza. Tusiongeze hata tone la petroli. Kama geji inasema kweli, tusafiri kwa neno la geji."

"Washa uone," nilimjibu.

Aliwasha. Mishale ikapanda. Wa mafuta ulisimama juu ya nusu. Abrahamu alitoa daftari dogo, akaandika. Hata yeye mdomo ulimcheza kidogo, nikaona kabisa amefurahi na hataki tujue.

Wakati huo Mama Tabea alikuwa ameshafungua tundu la tangi na kuingiza ufito wake wa mwanzi. Mwanzi wa nyuma ya nyumba, uliochongwa mwembamba mpaka unapinda. Ulikuwa na chale tatu. Hazikuwa za lita. Zilikuwa za safari: ya chini Igwachanya, ya kati Makambako, ya juu Tandala. Petroli ikifika kwenye chale ya Tandala, basi unafika Tandala. Aliuchomoa, akautazama, akautazama tena.

"Fundi," alisema polepole, "ufito unasema petroli imepita chale ya Igwachanya, lakini Makambako hatufiki. Tunaishia kwenye mteremko ule wa mikaratusi."

Na mimi, jamani, nikalipuka. Siku tatu za baridi, mgongo umekakamaa, jina langu liko mezani mbele ya mwalimu mkuu, halafu kipande cha mwanzi kinanisahihisha!

"Mama! Geji imetoka kiwandani, ina waya mpya na fyuzi mpya! Huo mwanzi umeota nyuma ya choo! Unataka mwanao aamini kipi? Ukiutia tena huo ufito humo ndani mimi nafunga sanduku langu naondoka!"

Abrahamu aliacha kuandika. Mama Tabea alinitazama bila hasira, akaufuta ufito kwa upindo wa kitenge, akauweka nyuma ya kiti.

"Haya, fundi," alisema, akapanda.

Tulikaa mbele wote watatu, mimi katikati. Kilometa za mwanzo zilikuwa sherehe tupu. Mama Tabea alipotoka mjini alikanyaga mafuta, akatazama geji ya mwendo, akapiga yowe.

"Arobaini na tano! Abrahamu, soma hapo! Arobaini na tano tu?"

"Arobaini na tano, Mama."

"Mimi siku zote nilijua naenda themanini! Nimewaambia watu themanini! Padri wa Kikatoliki alinisimamisha akanionya!"

Abrahamu alicheka. Alijaribu kuficha kwa kukohoa, ikawa mbaya zaidi, tukacheka wote mpaka gari likayumba. Bodaboda zilitupita, Kosta zilitupita, lori la mbao lilitupita kwenye mlima. Mama Tabea aliwapungia mkono wote kwa furaha, na sasa alikuwa akijua kwa tarakimu kamili jinsi wanavyomwacha.

Halafu Abrahamu akanyoosha kidole. "Dada fundi. Huo mshale wa joto uko kwenye nyekundu."

Ulikuwa kwenye nyekundu.

"Simamisha, Mama! Injini inachemka!"

Mama Tabea alivua buti la kushoto, akakanyaga bati. "Haichemki."

"Geji inasema inachemka!"

Tulisimama, tukafungua boneti. Hakuna mvuke, hakuna harufu. Niliweka kiganja juu ya rejeta, nikakiacha hapo. Ilikuwa na joto la kawaida la gari linalotembea. Abrahamu aliandika tena kwenye daftari, na safari hii mdomo haukumcheza. Tuliondoka. Niliukazia macho mshale wa mafuta nikiuomba. Ulishuka hadi nusu. Ukashuka chini ya nusu. Ulikuwa bado uko robo, robo kamili, tulipoanza kuteremka kwenye mikaratusi, injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Gari likateleza lenyewe hadi chini ya mteremko, likasimama pembeni kama limefika lilikotumwa.

Mama Tabea alikuwa na haki ya kusema. Mimi ningekuwa yeye ningesema mpaka jioni. Alivuta tu breki ya mkono, akakunja mikono juu ya usukani.

"Geji inasema robo," Abrahamu alisema hatimaye, "na tangi ni kavu. Ya joto inasema moto, na injini ni nzima. Mama, umeona mwenyewe. Gari hili limechoka. Mbele ni kilometa kumi na mbili. Natafuta petroli, tunamfikishia mnunuzi."

Akashuka. Na hapo, huku moyo umenishuka hadi kwenye buti, akili ikaanza kufanya kazi ambayo ingeifanya siku ya Alhamisi kama si kiburi. Geji mbili. Zote zinadanganya. Zote zinadanganya kwa kuzidisha. Geji mbili zikiongopa pamoja kwa upande mmoja, kosa haliko kwenye geji. Kosa liko kwenye umeme unaozilisha, umezidi.

Nilitia mkono mfukoni mwa ovaroli. Kikopo cha bati kilikuwa humo humo, kati ya skrubu na kipande cha kiazi.

Hakikuwa cha indiketa. Kilikuwa kikopo cha kupunguza umeme wa betri kabla haujafika kwenye geji. Magari ya zamani yanacho. Najua yanacho. Nimeshakiona kwenye magari mengine manne. Lakini siku ile nilikuwa najiona bingwa, na bingwa hatazami mara mbili.

Nitasema ukweli: nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Ningesema geji zimezeeka, mwalimu ameshasema gari limechoka, tungekubaliana wote, na jina langu Makambako lingebaki safi. Nikamtazama Mama Tabea. Alikuwa anapapasa usukani kwa kidole gumba, polepole, pale mpira ulipoliwa na mikono yake.

"Mwalimu!" nilipayuka. "Rudi hapa! Gari halijachoka! Aliyechoka akili ni mimi!"

Abrahamu aligeuka. Nilikinyanyua kikopo juu kabisa, huku nikilia kwa hasira za kujikasirikia. "Hiki nilikitoa mimi. Mikono yangu. Bila hiki geji zinalewa. Mama aliniambia tangu Njombe kwamba hatufiki, nikamfokea kama mtoto. Nipe dakika kumi. Dakika kumi, mwalimu, halafu uza unachotaka kuuza."

Alitazama saa yake ya mkononi. "Kumi," alisema.

Nilitumia saba. Nilikichomeka kikopo mahali pake, nikaunga waya, nikageuza funguo. Tuliinama wote watatu juu ya dashibodi, vichwa vinagusana. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati ukatulia. Mshale wa mafuta ukatikisika, ukajinyanyua kidogo, ukafika kwenye mstari wa tangi tupu. Ukasimama hapo.

"Tupu," Abrahamu alisoma.

"Tupu!" nikapiga kelele.

"Tupu!" Mama Tabea akapiga kigelegele kile cha Alhamisi, akamkumbatia mwanawe, mwanawe akanipiga bega, mimi nikapiga boneti. Watu watatu kando ya barabara kuu, wanashangilia kwamba hawana mafuta. Dereva wa lori alipunguza mwendo atutazame, akatikisa kichwa, akaendelea.

Abrahamu alipanda bodaboda na kidumu, akarudi na lita tano. Alimimina, akachukua ufito mwenyewe, akauingiza, akausoma, akaenda kutazama mshale, akarudi kwenye ufito. Alifanya hivyo mara tatu. Alikuwa anasahihisha kama mtihani, na vyote viwili vilikuwa vimepata jibu moja.

"Mama," aliuliza, "ulijua tutaishia hapa. Kwa nini ulikubali kuondoka?"

"Ningekataa, ungesema nimeogopa. Na fundi alikuwa amefurahi mno, sikutaka kumharibia."

Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na sanduku.

Simu ya Abrahamu ikaita. Alikuwa mnunuzi. Sisi wawili tulikauka. Abrahamu alisikiliza, akamtazama mama yake, akasema, "Ndiyo, ndugu. Tunakuja," akakata.

Tunakuja! Baada ya yote hayo! Nilifungua mdomo nimpe maneno yake, Mama Tabea akaniwekea mkono gotini. Kilometa kumi na mbili zilizobaki hakuimba. Mishale yote ilisema kweli, hadi mstari wa mwisho, na sikuona raha hata chembe.

Mnunuzi alikuwa anangoja nje ya stendi, mtu mnene mwenye kofia ya jua, mchangamfu, hana kosa lolote. Alizunguka gari akilipapasa. Alichungulia ndani, Abrahamu akamwashia swichi, mishale ikapanda.

"Zinafanya kazi?" Macho yalimtoka. "Mwalimu, hukuniambia! Hili sasa ni la kipekee nchi nzima. Naongeza bei."

Hapo ndipo nilipotaka kulia kweli. Siku tatu nimelala chali kwenye baridi, kumbe nilikuwa nampambia bibi harusi mtu wa hoteli.

Akanyoosha mkono apewe funguo. Abrahamu alizishika, akazitazama, akageuka akaziweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Mwenye gari ni huyu," alisema. "Muulize yeye."

"Siuzi," Mama Tabea alisema, kabla hajaulizwa.

"Lakini mwalimu, tulikubaliana..."

"Niliongea juu ya kitu ambacho si changu, ndugu yangu. Nisamehe. Nauli yako nitakurudishia." Kisha yule mrefu mwenye suti akakaa kwenye ngazi ya mlango wa gari, pale pale stendi mbele ya watu, na sauti ya mistarini ikamwishia. "Mama, si geji. Geji nilizisingizia. Naogopa. Kila ukiingia barabarani nakaa ofisini sifanyi kazi. Natazama simu. Sijui umefika, sijui uko korongoni. Jumatatu ile uliyokwenda Tandala kwenye mvua sikufundisha kipindi hata kimoja. Nilifikiri gari likiondoka, na hofu itaondoka."

Uso wote wa Mama Tabea ulilegea.

"Sasa si ungesema hivyo, baba," alisema. "Miezi yote hii unanisumbua na mishale."

Akaingiza mkono ndani ya sweta ya chini, akatoa simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwenye leso. Aliibonyeza kwa kidole kimoja, kwa makini, akaiweka sikioni. Simu ya Abrahamu ikaanza kuita mfukoni mwake, hatua mbili kutoka pale aliposimama mama yake. Aliitoa, akasoma jina, akaipokea.

"Haloo, Abrahamu," Mama Tabea alisema, akimtazama usoni. "Nimefika Makambako salama."

"Asante, Mama," Abrahamu alijibu kwenye simu, machozi yakimtiririka hadi kwenye kalamu zake mbili. "Ukifika Njombe nipigie tena."